Reli ya Chini ya Mzee Gervas

Mwaka uliofuata zile mvua za El Nino, mtu wa mtaa wa Majengo akikutana na Gervas Ntandu hakumuuliza habari za asubuhi wala za nyumbani. Alimuuliza, "Habari za chini?" Na Gervas, ambaye hakuwa mtu wa kununa, alijibu taratibu kwamba za chini ni njema, bado wanapima.

Mtaani walimwita Chini kwa Chini. Si kwamba alikuwa na siri. Hapakuwa na mtu aliyejulikana mawazo yake kama yeye, maana aliwaza kwa sauti: barazani kwake, sokoni, nje ya kanisa baada ya misa, na safari moja msibani, mpaka shemeji yake akamgusa bega. Alichokuwa akiwaza ni kwamba mji wa Singida unahitaji treni ya kupita chini ya ardhi.

Gervas alikuwa mtu wa reli. Alianza kazi Manyoni akiwa kijana, na sururu mkononi, katika genge la kutengeneza njia, akapanda pole pole mpaka akawa nyapara wa genge. Reli ya kutoka Manyoni kuja Singida ilipojengwa, alikuwemo. Kisha ikaja bahati ambayo haikumwacha salama: alichaguliwa kwenda India, kozi ya miezi sita ya utunzaji wa njia.

Huko, Jumapili moja, mwalimu wao aliwapeleka Kalkuta kuona treni ya chini. Gervas aliteremka ngazi kwa tahadhari ya mtu anayeingia kisimani. Alitegemea giza na popo. Akakuta taa, sakafu inayong'aa, feni zinazunguka, na watu wamesimama kwenye mstari bila kusukumana. Treni ikaja, milango ikafunguka yenyewe. Alipanda, akashuka kituo cha mbele, akapanda kurudi alikotoka, kisha akapanda tena, mpaka mwalimu akaja kumshika mkono kama mtoto aliyekataa kutoka dukani. Hadithi hiyo mkewe, Ritha, alikuwa ameisikia mara nyingi kiasi kwamba Gervas akisahau mahali pa feni, yeye alimkumbusha.

Soko huria lilipofika mpaka relini, wafanyakazi walipunguzwa, na jina la Gervas likatokea ukurasa wa pili wa orodha. Akarudi nyumbani Singida akiwa na miaka hamsini na mitatu, afya njema, na hana la kufanya. Nyumba aliyorudia ilikuwa yake kwa jina, lakini mwenye nayo alikuwa Ritha. Miaka yote ambayo mume alikuwa Manyoni, yeye alikuwa akinunua kuku wa kienyeji kwa watu wa Ikungi na Mkiwa. Mabasi ya watu binafsi yalipoanza kushindania abiria, matenga ya Ritha yalikuwa yakipanda juu ya keria kwenda Dar es Salaam mara tatu kwa wiki. Ua mzima ulikuwa kuku. Kila kiti ambacho Gervas alitaka kukalia kilikuwa na aliyetangulia.

Alijaribu kusaidia. Wiki ya kwanza alibandika ukutani ratiba ya kulisha kuku, imeandikwa kwa saa za reli, na safu ya kuandika kuchelewa kulikuwa dakika ngapi na kwa sababu gani. Ritha aliisoma yote kwa makini, akaibandua, akafungia mayai. Ndipo Gervas alipochukua daftari la hesabu na kuanza kuchora.

Mchoro ulikuwa safi, hilo hakuna aliyelikataa. Njia ilianzia ng'ambo ya reli, ambako siku hizo nyumba zilikuwa zinaota kila wiki, ikapita chini ya soko, ikaishia mtaa wa Utemini. Vituo vilikuwa vitano. Kimoja alikipa jina la mama mkwe wake, kwa ajili ya amani ya nyumba.

"Baba Kristina," Ritha alimuuliza siku alipoonyeshwa mchoro, huku akimfunga kuku miguu, "kutoka hapa kwetu mpaka sokoni ni mwendo gani?"

"Dakika kumi na mbili."

"Na kuteremka huko chini, kuingoja, kupanda, halafu kutoka tena juu?"

Gervas alikuwa mtu mkweli. Alipiga hesabu kwa vidole, akarudia.

"Kumi na tano," alisema. "Kama haijachelewa."

Ritha alimweka kuku kwenye tenga na kumchukua mwingine. Gervas alieleza kwamba miji haijengewi ya leo, kwamba Kalkuta nayo lazima kuna siku ilikuwa na watu wachache na ng'ombe wengi. Ritha akajibu kwa Kinyaturu, na Ritha akishahamia Kinyaturu, mjadala huwa umefungwa.

Mkutano wa wananchi ulioitwa kuzungumzia barabara ulimkuta akiwa na daftari kwapani. Mvua zilikuwa zimekula nusu ya njia za mtaa, na halmashauri ilikuwa imemtuma injinia wake mpya, binti aitwaye Rebeka, aliyetoka chuoni hata miaka miwili haijapita. Mwenyekiti wa mtaa, Hosea, alipouliza kama kuna mwenye la ziada, Gervas alisimama, na watu wakajiweka vizuri kwenye viti kama watu walioletewa ngoma.

Alizungumza dakika ishirini. Alipomaliza, mtu mmoja aliuliza kama kuku wa Mama Kristina watalipa nauli ya mtoto au ya mtu mzima. Mwingine akataka kujua kama waliozikwa makaburini wameombwa ruhusa. Watu walicheka mpaka Hosea naye akaficha uso nyuma ya karatasi. Gervas alicheka nao kidogo, kwa adabu.

Injinia Rebeka hakucheka. Aliuliza swali moja: ni watu wangapi kwa siku wanaotoka ng'ambo ya reli kuja sokoni?

Gervas alifungua daftari, akalifunga. Alikuwa na kina cha vituo, upana wa milango, hata rangi ya viti. Idadi ya watu hakuwa nayo. Aliketi. Vicheko havikumuuma, lakini swali lile lilimuuma. Nyapara wa genge hawezi kuulizwa mataruma ya reli yake ni mangapi akakosa jibu.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa injinia. Rebeka alimpa shikamoo, akamvutia kiti, akamwambia mambo mawili kwa upole. La kwanza, Singida imekaa juu ya jiwe, jiwe ambalo halina mwisho. Gervas alijibu kwamba hiyo ni habari njema, tundu halitabomoka. La pili, kule chuoni walifundishwa kwamba kabla ya kujenga chochote, mtu anahesabu.

"Nenda ukahesabu, baba," alisema. "Ukimaliza, njoo na daftari lako tuzungumze. Mimi sitakucheka."

Basi Gervas alibeba kigoda na mwavuli, akakaa kwenye pembe ya barabara, karibu na kivuko cha reli, mahali ambapo kila atokaye ng'ambo hana budi kupita. Siku sita, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Alichora safu za waendao kwa miguu, baiskeli, mikokoteni ya punda, magari na ng'ombe. Safu ya magari alijuta kuipa nafasi kubwa.

Siku ya kwanza watu walipita wakimwangalia kwa wasiwasi, wakidhani ni mtu wa kodi. Habari zilipoenea kwamba ni Chini kwa Chini anahesabu abiria wake, wakaanza kumsaidia. Mwanamke akirudi kutoka sokoni alimwambia, "Mzee, mimi tena, usinisahau." Mlevi mmoja wa kilabuni alipita mara kumi na moja kwa nia njema kabisa, na ikabidi Gervas amshukuru na kumkata kwenye hesabu.

Siku ya nne Ritha alimletea chakula cha mchana, ugali wa uwele na mlenda, akakaa pembeni kwenye jiwe amngoje amalize. Akalichukua daftari. Alisoma vijistari vile, ukurasa baada ya ukurasa, na Gervas akaendelea kula huku akingoja kuchekwa.

"Hawa wote wanatoka wapi?" Ritha aliuliza.

"Ng'ambo."

"Ng'ambo ni kubwa. Yule anayekuja pale na ndoo ni Scola, muuza nyanya. Nyumba yake unaiona?" Alinyoosha kidole, lakini hakuelekeza barabarani. Alielekeza kule nyuma, ng'ambo ya tuta la reli, mkabala na soko. "Iko pale. Ukirusha jiwe kutoka sokoni linatua kwenye bati lake. Sasa amekuja kufanya nini huku?"

Gervas alikuwa amemwandika Scola siku nne, kijistari asubuhi na kijistari jioni, na hakuwa amemuuliza kitu.

Alimsimamisha akamuuliza. Scola alitua ndoo chini, akafurahi kupumzika, akaeleza. Nyumbani kwake anaona paa za soko. Lakini katikati kuna tuta la reli, refu kama nyumba, na kokoto zake ukizikanyaga zinateleza. Masika iliyopita mwanamke mmoja, Maria, alijaribu kulipanda akiwa na ndoo kichwani, akaporomoka akavunjika mkono. Tangu hapo yeye na wenzake wanazunguka mpaka kivukoni, na ndoo ya nyanya, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi.

"Hiyo treni yako itanipitisha hapo?" Scola aliuliza. Hakuwa anatania, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

Siku mbili zilizobaki Gervas hakuhesabu tu, aliuliza. Muuza karanga, fundi cherehani, mama anayempeleka mwanawe kliniki, mzee aendaye msikitini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wanazunguka tuta. Hawakuwa wanakwenda mbali. Walitaka kuvuka tu.

Jioni ya siku ya sita alirudi nyumbani. Ritha alimwangalia akisogeza kuku kwenye kiti bila hata kumkemea, akajua kuna jambo. Alimpelekea maji ya kunawa, akamngoja. Mwisho Gervas alisema kwamba tuta lile alilijenga yeye. Genge lake ndilo lililobeba udongo, ndilo lililoshindilia. Alikuwa amejivunia jinsi lilivyonyooka. Siku hizo ng'ambo ilikuwa mashamba ya mtama na kibanda kimoja cha mchunga mbuzi. Hakuna aliyefikiri kwamba watu watakuja kukaa huko na kwamba watataka nyanya zao zifike sokoni.

"Mlifikiria maji, lakini," Ritha alisema. "Maji yanapita wapi?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza tu, lakini Gervas aliacha kunawa. Maji. Chini ya lile tuta walikuwa wameweka karavati, na halikuwa bomba. Lilikuwa la sanduku, la zege, la kupitisha mafuriko ya kutoka mlimani. Alikuwa amesimama ndani yake mwenyewe akikagua zege, na kofia haikugusa juu.

Alfajiri alikwenda. Alilitafuta upande wa ng'ambo, kwenye vichaka, akaliona. Mvua za El Nino zilikuwa zimelijaza mchanga mpaka ikabaki nafasi ya kupita mbuzi, na mbuzi walikuwa wamekwisha kuitumia. Gervas alilala kifudifudi akachungulia. Kule mwisho, kupitia ukanda mwembamba wa mwanga, aliona miguu ya mtu anafungua kibanda chake sokoni.

Kilichofuata kilikwenda taratibu, kama mambo ya ofisi yanavyokwenda. Injinia Rebeka alikuja kuona, akaingia kwa magoti hadi suruali ikachafuka, akatoka anatabasamu. Lakini tuta ni mali ya reli, na ruhusa ilipaswa kutoka Manyoni. Gervas alipanda treni kwenda mwenyewe. Mwenye dhamana ya kipande kile alikuwa Mathayo, mtu aliyewahi kubeba naye ncha ya pili ya chuma kwa miaka tisa. Mathayo alisikiliza mwanzo hadi mwisho, kisha akacheka mpaka akafuta machozi, akasema amefurahi kwamba mwenzake amepata kitu chini ya ardhi hatimaye. Akaandika barua. Kuta zisiguswe. Kitu kisijengwe ndani. Na maji ndiyo yenye njia. Mvua ikinyesha, watu wakae mbali mpaka yapite.

Kuchimba kulichukua wiki tatu. Gervas alirudi kuwa nyapara, sauti ikarudi, mgongo ukanyooka. Haikuwa picha ya kuchora kwenye kalenda. Waliokuja kuchimba kwa ajili ya njia walikuwa wachache, karibu wote wanawake wa ng'ambo na machepe yao. Kisha ikajulikana kwamba ule ni mchanga safi wa mto, wa kujengea, na kila mtu aliyekuwa na nyumba nusu alifika na toroli, bila kuitwa. Hosea mwenyekiti, aliyeficha uso nyuma ya karatasi, alibeba toroli tisa kwa ajili ya choo chake kipya. Gervas hakuuliza mtu sababu. Mchanga ulikuwa unatoka.

Rebeka naye alipata mawe kutoka halmashauri, akatandika upande mmoja juu kidogo, watu wapite pakavu na maji yapate mfereji wake. Hapakuwa na utepe wala hotuba. Asubuhi moja Scola alitua ndoo yake mlangoni, akaishika mkononi, akaingia, akatokea upande wa pili. Hatua kumi na nne. Gervas, aliyekuwa amesimama na saa yake ya reli, alisahau kuangalia saa.

Wiki ile ile alilipeleka daftari kwa injinia, kama walivyoahidiana. Waliliweka mezani, wakapitia hesabu zote siku kwa siku, hata za ng'ombe. Rebeka alifunika kalamu yake, akangoja mzee aseme mwenyewe.

"Mji huu hauhitaji treni ya chini," Gervas alisema. "Watu hawatoshi, na wanakokwenda ni karibu."

"Inakuuma, baba?"

"Kidogo." Alifikiri. "Ile ya Kalkuta ilikuwa na feni."

Rebeka alisema hata yeye angependa kuiona siku moja. Kisha akachukua karatasi ya faili, akaandika kwamba pendekezo limechunguzwa na mji hauhitaji treni ya chini. Gervas aliisoma kichwa chini miguu juu kutoka upande wake wa meza, akamwomba aongeze maneno mawili: kwa sasa. Rebeka akaongeza, akapiga muhuri.

Mtu angedhani baada ya hapo Gervas alipewa heshima yake akapumzika. Alipewa lawama. Karavati lilikuwa na kimo cha mwanamke asiye na mzigo kichwani, na wanawake wanaokwenda sokoni bila mzigo ni wachache. Ilibidi kila mmoja atue, aburute, kisha kule mbele atafute mtu wa kumtwisha tena. Mlalamikaji mkuu alikuwa Bibi Dorkas, muuza kuni, aliyefika barazani kwa Gervas mapema akamweleza, mbele ya Ritha na kuku wote, kwamba njia ni nzuri lakini aliyeipima alikuwa mwanamume.

Kwa muda Gervas alikwenda kila asubuhi kutwisha watu. Alisimama upande wa sokoni, na kila aliyetokea alimwinulia tenga, ndoo au mzigo wa kuni, akajifunza majina ambayo kwenye daftari yalikuwa vijistari. Ritha alipopita na matenga yake alimkuta amemshikia mtu beseni la dagaa, anabishana naye kuhusu ngata kama imekaa sawa. Hakumtania siku ile. Alitua tenga lake mwenyewe, akasimama kwenye foleni kama wengine.

Mgongo ulipoanza kumlalamikia, alijenga kwa mawe, kila upande wa karavati, kiukuta cha urefu wa bega, mtu akitoka anategesha mzigo juu yake, anajitwisha mwenyewe, anaondoka. Alimwita Bibi Dorkas aje akijaribu kabla ya mwingine yeyote. Bibi alikuja na kuni zake, akakizunguka kile kiukuta, akasimama ubavuni kwacho. Kilimfika kwenye macho.

"Umepima bega la nani?" aliuliza.

Ilikuwa bega la Gervas. Alikwenda nyumbani akachukua kipimo na chokaa, akarudi, akamwomba bibi asimame wima, akapiga alama kwenye jiwe. Siku ya pili yake alianza kujenga kingine, kifupi, pembeni ya kile kirefu, na Bibi Dorkas alikaa hapo hapo juu ya kuni zake, akimsimamia.